Nyumba Kwanza, Mvinyo Baadaye: Vidokezo vya Kutembelea Ste. Genevieve

Ukitoka St. Louis ukashika barabara kuu ya kusini, baada ya mwendo wa saa moja hivi unafika Ste. Genevieve, mji wa watu kama elfu tano ulioanza kabla Marekani yenyewe haijazaliwa. Wafaransa waliuanzisha kando ya mto Mississippi, katikati ya karne ya 18, ukawa makazi ya kwanza ya kudumu ya Wazungu katika jimbo linaloitwa sasa Missouri. Siku hizi wageni wanaufuata kwa mambo mawili: nyumba za kale, na mashamba ya mizabibu yaliyo vilimani nyuma ya mji. Wengi huanza na mvinyo, kisha nyumba wakaziangalia kwa dirisha la gari jua likizama. Hiyo ni hasara. Vidokezo hivi ni kwa mwenye siku moja au mbili, awe anatoka Dar au Mombasa, au anaishi hukohuko Missouri, ambako Waswahili wa kutoka Kongo si haba.

1. Usiende kutafuta Paris

Hakuna mikahawa ya kando ya njia yenye viti vya chuma, wala minara ya mawe. Walioujenga mji huu walikuwa wakulima, wachimba madini na wafanyabiashara, wengi wao Wafaransa wa Kanada na wa ng'ambo ya mto, upande wa Illinois. Tena ukichunguza tarehe utacheka. Mwaka 1762 Ufaransa iliipa Hispania ardhi yote ya magharibi mwa Mississippi, na mwaka uliofuata Uingereza ikachukua upande wa mashariki. Wafaransa wengi waliokuwa mashariki wakaona heri mfalme wa Hispania, Mkatoliki mwenzao, kuliko Mwingereza, wakavuka mto. Ndiyo maana nyumba nyingi mashuhuri za "mji wa Kifaransa" zilijengwa miaka ya 1790, wakati bendera inayopepea ilikuwa ya Hispania. Ufaransa iliirudisha ardhi mkononi kwa muda mfupi tu, ikaiuza kwa Marekani mwaka 1803 kwa dola milioni 15.

Kwa hiyo bendera waachie wauza fulana. Hapa la kutazama ni namna watu walivyoishi.

2. Anzia kituo cha wageni, tena mapema

Kiko barabara ya South Main, katikati ya mji. Sehemu ya mji sasa ni hifadhi ya taifa ya kihistoria, iliyoanzishwa rasmi mwaka 2020, na hifadhi haitozi kiingilio. Uliza palepale ni nyumba zipi zimefunguliwa siku hiyo na matembezi ya kuongozwa ni saa ngapi, maana nyumba za kale haziko chini ya mwenye mmoja: nyingine ni za hifadhi, nyingine za jimbo, nyingine za taasisi binafsi zinazotoza ada, na nyingine watu wanaishi humo. Usije ukafungua geti la mtu ukidhani ni makumbusho. Jumatatu na Jumanne ni siku mbaya za kwenda mji mdogo wowote wa Marekani. Nusu ya milango utaikuta na kufuli.

3. Fahamu kwamba mji huu ulihamishwa

Makazi ya kwanza yalikuwa bondeni, kwenye udongo mweusi wa kandokando ya mto, kilomita chache kusini mwa mji wa sasa. Ardhi ile ilistawisha ngano na mahindi, na unga wake ulishuka kwa mashua hadi New Orleans. Lakini mto uliorutubisha shamba haukuacha kubisha hodi. Mwaka 1785 maji yalijaa kiasi kwamba wakazi walianza kuhama, mmoja baada ya mwingine, kupanda mwinuko ulio kati ya vijito viwili viitwavyo Gabouri. Ndipo mji ulipo hadi leo.

Bonde lenyewe halikuachwa. Wafaransa waliliita Grand Champ, yaani shamba kubwa: kila familia ilimiliki ukanda mrefu mwembamba, na uzio mmoja ulizunguka mashamba yote. Ukipita kwa gari kusini mwa mji utaona bado linalimwa. Simama dakika chache kando ya barabara, kisha uende zako.

4. Kodolea macho nguzo

Hapa ndipo pa kutumia muda wako, na hapa ndipo Mswahili anapomzidi mtalii wa Chicago. Seremala wa Kimarekani alipojenga nyumba ya magogo aliyalaza, moja juu ya jingine. Mfaransa wa Mississippi aliyasimamisha wima, bega kwa bega, kisha akajaza nafasi zilizobaki kwa udongo uliochanganywa na nyasi au manyoya ya wanyama, mahali pengine kwa mawe na chokaa, halafu akapaka chokaa nyeupe juu. Yeyote aliyewahi kuona nyumba ya miti na udongo ikisimikwa, ikajengwa fito na kukandikwa, hahitaji maelezo ya mwongozaji. Hata baraza ipo: paa linashuka hadi kwenye kibaraza kirefu kinachokinga ukuta wa udongo dhidi ya mvua, na watu wakapata pa kukaa jua likiwa kali.

Kuna aina mbili, na inafaa uzitofautishe. Ya kwanza nguzo zimechimbiwa moja kwa moja ardhini. Ya pili zimesimama juu ya boriti iliyolazwa kwenye msingi wa mawe. Kila fundi anajua ipi itaoza mapema. Ndiyo sababu nyumba za nguzo za kuchimbia zilizosalia Marekani nzima zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: ni tano, na tatu ziko katika mji huu. Mbili kati ya hizo ni nyumba ya Amoureux na ile ya Bequette-Ribault, zote kwenye barabara ya St. Mary's, zikitazama upande wa Grand Champ. Nguzo zake ni za mwerezi mwekundu, mti ambao wadudu na unyevu huushindwa kwa muda mrefu. Mwambie mwongozaji akuoneshe mahali mti unapoingia udongoni. Mti uliochongwa kwa shoka zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, bado umebeba nyumba. Na alama za shoka bado unaziona.

Kwa aina ya pili nenda nyumba ya Louis Bolduc, barabara ya South Main. Ina paa refu lililosimama, baraza kila upande, na uzio wa miti mizito iliyosimikwa wima kuzunguka ua. Wageni hudhani uzio ule ulikuwa ngome. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia ng'ombe na nguruwe wa kijiji wasile mboga za bustani.

Kama unapenda useremala, omba kuingia darini katika nyumba ya Guibourd-Valle. Kenchi zake ni za mtindo wa Normandy, mbao nene zilizounganishwa kwa kuchongwa na kupigiliwa vigingi vya mti. Fundi akiona zile kenchi hatoki mapema.

5. Uliza nani aliyefanya kazi

Waongozaji wa siku hizi wana majibu mazuri kuliko wa zamani, lakini baadhi husubiri waulizwe. Waafrika waliokuwa watumwa waliletwa katika nchi hii ya Mississippi tangu nusu ya kwanza ya karne ya 18. Walichimba risasi katika migodi ya magharibi mwa mji, walichemsha maji ya chemchemi kupata chumvi, walilima Grand Champ, walisomba magogo. Utumwa ulifutwa Missouri mwaka 1865 tu. Samani nzuri unazoziona nyuma ya kamba ziling'arishwa na mikono ambayo majina yake mengi hayakuandikwa popote ila kwenye orodha za mali na vitabu vya ubatizo.

Baadhi ya majina yapo, na yafaa uyajue kabla hujafika. Pélagie Amoureux alizaliwa utumwani, akapata uhuru, akaolewa na Benjamin Amoureux, Mfaransa mweupe, wakati ndoa ya namna hiyo ilikuwa balaa mbele ya sheria za Missouri. Ile nyumba ya nguzo za mwerezi ndiyo waliyoishi, na Pélagie aliendesha duka. Hatua chache kutoka hapo, nyumba ya Bequette-Ribault ilikuja kuwa mikononi mwa Clarise, mwanamke Mwafrika aliyekuwa huru, na uzao wake ukakaa humo hadi karne ya 20. Yaani kati ya nyumba tatu adimu za mji huu, mbili zinajulikana kwa familia za wanawake weusi. Kama mwongozaji wako amezungumzia vikombe vya kauri tu hadi mnafika mlangoni, usione haya kumkumbusha.

6. Nyumba tatu zinatosha, nne ukijitahidi

Baada ya hapo kila meko inafanana na nyingine. Ongeza Green Tree Tavern, iliyojengwa mwaka 1790, iliyogeuzwa nyumba ya wageni Wamarekani walipoanza kumiminika; meko yake ya pembetatu inapasha joto vyumba vitatu kwa wakati mmoja. Halafu malizia na nyumba ya Felix Vallé ya mwaka 1818. Hiyo ni ya mawe ya chokaa, mlango katikati, madirisha yamepangwa sawasawa, na hakuna baraza mbele. Ukitoka kwa Bolduc ukaingia hapo unaona kwa macho jinsi mji ulivyobadilisha wakubwa ndani ya miaka 25.

7. Pitia makaburi ya zamani

Yana kivuli na hayana kiingilio. Halmashauri iliyafunga mwaka 1881, lakini Odile Vallé, mjane wa Felix, alitaka alazwe kando ya mumewe. Husimuliwa kwamba alitoa ardhi ya makaburi mapya kwa sharti moja: yeye azikwe yale ya zamani. Akazikwa. Mwenye ardhi hakosi pa kulala.

8. Kifaransa chako cha Bukavu kiweke mfukoni

Hakuna atakayekijibu. Kifaransa cha Missouri kilinyamaza taratibu katika karne ya 20, kikabaki kwa wazee wachache wa vijiji vya machimbo huko magharibi. Kilichosalia mjini ni majina ya ukoo na wimbo wa La Guiannée, ambao kikundi cha wenyeji bado hupita nao mkesha wa Mwaka Mpya. Hata majina ya mitaa usiyatamke Kifaransa ukiuliza njia, utaangaliwa tu. Baada ya Wafaransa walikuja Wajerumani wengi, na wao ndio waliojaza mji kwa nyumba za matofali na kuacha chakula chao: ukiona kwenye menyu madonge ya maini, ni yao. Wasiokula nguruwe waulize kwanza mchuzi umetengenezwa na nini.

9. Mto hauonekani; inabidi uufuate

Hili huwashangaza wengi. Mji wa mto, na mto huuoni! Kati yake na nyumba kuna reli, mashamba na tuta kubwa la kuzuia mafuriko. Kiangazi cha mwaka 1993 Mississippi ilifurika vibaya, na wakazi, askari na watu wa kujitolea walipanga magunia ya mchanga usiku na mchana kuokoa sehemu ya kale. Tuta la kudumu lilijengwa baada ya hapo.

Ili kuuona mto, nenda Little Rock Landing upande pantoni. Ni pantoni dogo la magari machache linalovuka hadi Modoc, upande wa Illinois, na ndilo starehe ya bei nafuu kuliko zote safarini humu. Maji yakijaa sana, yakipungua sana, au barafu ikishuka, halivuki, kwa hiyo ulizia asubuhi. Ukifika ng'ambo, endelea hadi Prairie du Rocher na Fort de Chartres. Ngome hiyo ya mawe ilikuwa makao ya serikali ya Kifaransa ya eneo hili hadi Waingereza walipoipokea mwaka 1765. Kuta na lango unavyoviona vimejengwa upya, ila ghala la baruti ni lilelile la zamani. Lishike ukuta.

10. Kama una saa mbili za ziada: Kaskaskia

Hiki ni kituko cha jiografia. Kaskaskia ilikuwa makao makuu ya kwanza ya jimbo la Illinois, mashariki mwa mto. Mwaka 1881 Mississippi ilikata njia mpya, ikaumega mji na kuumeza karibu wote, na mabaki yake yakajikuta magharibi mwa maji. Leo ili ufike kipande hicho cha Illinois unapitia Missouri, kupitia kijiji cha St. Mary, kusini mwa Ste. Genevieve. Wakazi ni wachache mno. Kuna kanisa, na kijumba chenye kengele iliyosubiwa Ufaransa mwaka 1741, zawadi ya mfalme Louis wa 15. Hakuna duka, beba maji yako.

11. Sasa mvinyo, lakini kwa mpango

Mashamba ya mizabibu yametawanyika kwenye vilima vya magharibi na kusini, na njia inayoyaunganisha inaitwa Route du Vin. Barabara ni nyembamba, zina kona, na mtandao wa simu hukatika, basi pakua ramani kabla hujatoka mjini. Chagua mawili kwa siku. Chaumette ina mgahawa na pa kulala, inafaa kwa chakula cha mchana kirefu. Cave Vineyard ina pango la asili, na unaruhusiwa kushuka humo na glasi yako; mwezi wa Julai, wakati hewa ya Missouri inakuwa nzito kama ya Tanga kabla ya mvua, hakuna mahali bora kuliko mle ndani. Charleville hutengeneza mvinyo na bia pia, kwa wale wenye marafiki wasioelewana. Piga simu kwanza kujua saa zao.

Usiagize Cabernet ukasikitika. Mizabibu ya Ulaya haiupendi msimu wa baridi wa hapa wala unyevu wa kiangazi, kwa hiyo wakulima wanapanda aina za Kimarekani na chotara. Anza na Norton, mzabibu rasmi wa jimbo: mwekundu mzito, wenye ukali kidogo, unaotaka nyama pembeni. Kwanza unaweza usiupende. Onja tena ukila. Chambourcin ni mwekundu mwepesi zaidi. Kwa weupe, Chardonel ni mkavu, na Vignoles mara nyingi hutengenezwa mtamu. Wanaoanza huupenda Vignoles, wataalamu hujifanya hawaupendi, kisha hununua chupa.

Wenye shukrani kwa utamaduni wa mvinyo wa Missouri wawashukuru zaidi Wajerumani walioanzisha Hermann mwaka 1837, kaskazini magharibi mwa hapa, kuliko Wafaransa. Kabla ya pombe kupigwa marufuku nchi nzima mwaka 1920, Missouri ilikuwa miongoni mwa majimbo makubwa ya mvinyo Marekani. Marufuku iliua karibu kila kitu, na mashamba unayoyaona leo ni ya vizazi vya karibuni. Ila kuna deni linaloelekea upande wa pili. Karne ya 19 mdudu wa Kimarekani aitwaye filoksera aliingia Ulaya akawa anatafuna mizizi ya mizabibu ya Ufaransa. Charles Riley, mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri, alikuwa miongoni mwa waliogundua dawa: pandikiza mzabibu wa Kifaransa juu ya shina la Kimarekani, ambalo mizizi yake mdudu haiwezi. Vipandikizi kwa wingi vilisafirishwa kutoka Missouri. Kwa hiyo Mfaransa akikudharau Norton wako, mkumbushe miguu ya mizabibu yake ilikotoka.

Dereva wa zamu apangwe asubuhi, kabla mtu hajaonja. Umri wa kunywa ni miaka 21 na utaombwa kitambulisho hata kama una mvi, pasipoti inakubalika.

12. Kwa asiyekunywa

Nenda tu. Vilima ni vizuri, kuna chakula, na hakuna atakayekulazimisha. Au waache wenzako waonje, wewe nenda Hawn State Park, iliyo katika kaunti hiyohiyo: misonobari, miamba ya mchanga na kijito cha maji safi cha Pickle Creek. Watoto watakushukuru wewe, si wao.

13. Majira

Septemba na Oktoba ndiyo bora: joto limepungua, zabibu zinavunwa, majani yanageuka rangi. Aprili na Mei zinafuata. Wikiendi ya pili ya Agosti kuna tamasha la Jour de Fête, mji unajaa mafundi wa kazi za mikono na magari. Raha kwa wapenda umati, kero kwa waliokuja kutazama nguzo. Januari ni kimya na baridi kali, ila utakuwa na mwongozaji peke yako.

14. Chupa za nyumbani

Mvinyo huingii nao ndani ya ndege mkononi. Uweke katika begi la kukabidhi, kila chupa ndani ya soksi nene na katikati ya nguo, mbali na kuta za begi. Uliza kiwango cha forodha cha unakokwenda kabla hujanunua kreti. Na ukiwa na nafasi ya chupa moja tu, chukua Norton. Hizo nyingine unaweza kupata za kufanana nazo mahali pengine.